CHUGA SIO LAFUDHI YA KUCHEKESHEA WATU

Nimekaa kimya sana kwenye hili ila ya juzi imenishinda.

Kuna mtangazaji mmoja wa burudani, jina naliweka kapuni, wengi wenu mnamfuata na hata mimi namfuata. Juzi kwenye kipindi chake mwenzake alimtupia swali zuri tu: ukitoa Dar, mji gani Bongo umeifanyia hip hop kazi kubwa? Jamaa hakujibu. Alicheka, akabana sauti, akaanza kuigiza lafudhi ya Arusha, "oya chalii yangu", na vidole juu. Studio nzima ikaangua kicheko, mmoja akagonga meza, wakaenda matangazo. Waliporudi wakawa wanaongelea nani kaachana na nani.

Yaani swali la historia limejibiwa kwa lafudhi. Na mle ndani hakuna hata mmoja aliyeona kuna kitu hakijakaa sawa.

Naomba nieleweke, sina shida na utani. Watu wa Chuga tunataniwa tangu zamani na tunajitania wenyewe kuliko mtu yeyote. Shida yangu ni pale utani unapokuwa ndio kitu pekee kilichobaki. Siku hizi ukitaka watazamaji wa chapchap hauhitaji stori wala kipaji. Vaa jaketi zito saa saba mchana, tembea kwa kudunda, malizia kila sentensi na "chalii", tayari wewe ni mchekeshaji. Mtu hajawahi kufika hata Makuyuni anaigiza Chuga na anapewa matangazo ya biashara. Halafu dogo wa Ngarenaro anayeandika mistari usiku kucha akienda Dar kutafuta nafasi, kitu cha kwanza anaambiwa "hebu ongea kidogo tukusikie". Wanataka wacheke kwanza. Mistari baadaye, kama muda utakuwepo.

Sasa huyo mtangazaji kwa kuwa hakujibu, ngoja nimjibie. Na nyie wadogo zangu mliozaliwa juzi someni taratibu, maana hata mimi wakati haya mengine yanaanza nilikuwa sijazaliwa, nimeyapata kwa kuuliza wakubwa na kusikiliza.

Nikubali kitu kimoja kwanza ili tusibishane bure. Rap ya Kiswahili haikuanzia Arusha. Saleh J alikuwa anachana Kiswahili Dar mwaka 1991, Kwanza Unit wakaja, Mr. II ambaye leo mnamwita Sugu akatoa albamu ya Ni Mimi 1995. Heshima zao wapewe, na hakuna chalii mwenye akili timamu anayebisha hilo. Ninachosema ni kwamba Arusha ilifanya kitu chake ambacho Dar haikukifanya.

Chukua X Plastaz. Katikati ya miaka ya 90 huko, vijana karibu Afrika nzima walikuwa wanaiga Wamarekani mpaka namna ya kukohoa. Hawa machalii wa Arusha, kundi ambalo ndani yake walikuwemo ndugu wa damu na binti mmoja, Diney, wakafanya kitu ambacho ukikisikia kwa mara ya kwanza unadhani ni utani. Wakamchukua Yamat ole Meipuko, Mmasai, wenyewe wakamwita Merege, wakamuweka juu ya biti. Na hawakumwambia abadilike hata kidogo. Aliimba vile vile wanavyoimba kwao, ile sauti ya kooni, na wenzake wakachana Kiswahili juu yake. Mwaka 2004 lebo ya Ujerumani, Out Here, ikatoa albamu yao, Maasai Hip Hop. Wakazunguka Ulaya wakipiga shoo. Hiyo ni kabla ya YouTube kuwepo, jamani. Hakuna bando, hakuna kutrendi, hakuna kununua watazamaji.

Mwaka 2006 Faza Nelly, mmoja wa nguzo za kundi, akauawa. Kundi lingeweza kufia hapo na hakuna ambaye angelaumu. Lakini 2009 kwenye tuzo za BET Hip Hop kule Marekani, ile sehemu wachanaji wanapokezana maiki, akasimama Gsan wa X Plastaz na akachana kwa Kiswahili. Kiswahili cha Arusha, mbele ya Wamarekani. Leo msanii wa Bongo akipigwa picha tu nje ya jengo la BET tunaandikiwa habari wiki nzima, na huyu mtu ukimtaja kwa vijana kumi, tisa wanakuuliza "nani?"

Halafu kuna stori ya Imbaseni. Hii nashangaa kwa nini haijachorwa kwenye kila ukuta wa mji huu.

Ukitoka mjini unashika barabara ya Moshi, unapita Usa River, unafika maeneo ya Maji ya Chai, hapo ndani kuna kijiji kinaitwa Imbaseni. Anaishi huko Mzee Pete O'Neal. Huyu mzee alikuwa kiongozi wa Black Panther katika mji wa Kansas City, Marekani. Mwaka 1970 akatiwa hatiani kwa kesi ya kusafirisha bunduki, akakimbia nchi, akapitia Algeria, mwishowe yeye na mkewe Charlotte wakatua Tanzania wakajenga maisha. Mkewe sisi tunamjua kama Mama C. Mshairi, mwanamuziki, Mmarekani mweusi anayepiga nyatiti. Mwaka 1991 wakaanzisha kituo cha jamii pale kijijini, UAACC, vijana wakawa wanaenda kusoma Kiingereza, kompyuta, sanaa, na pakawa na studio ya kurekodi. Yaani wakati mnaangalia filamu za Panther mkivaa bereti nyeusi, kuna machalii wa Arusha walikuwa wanafundishwa na Panther mwenyewe, na chai wanakunywa naye.

Subirini haijaisha. Mnamjua Geronimo Pratt? Panther mwingine huyo, alikaa jela Marekani miaka 27 kwa kesi ya mauaji ambayo hukumu yake ilikuja kufutwa 1997. Ndiye Tupac Shakur alikuwa anamhesabu kama baba yake wa ubatizo. Sasa huyo mzee aliishi wapi siku zake za mwisho? Imbaseni. Alifariki hapo hapo Juni 2011.

Wewe una tisheti ya Tupac. Umechora Tupac kwenye kioo cha nyuma cha hiasi yako, umemchora mkononi, umempa mtoto wako jina Tupac. Baba wa ubatizo wa Tupac amefia nauli ya daladala kutoka hapo ulipo na hujui. Na yule mtangazaji naye hajui, ila lafudhi anaijua vizuri kweli.

Hapa ndipo ninapokasirika. Mji huu kazi yake kubwa ni kusimulia watu. Tunapokea wageni wa dunia nzima, tunawapakia kwenye gari tunawapeleka Tarangire, Manyara, Ngorongoro, tunawaambia simba huyu ana umri gani na amezaa mara ngapi. Simba tunamjua kwa ukoo wake! Lakini mwambie muongoza watalii wako akupeleke sehemu moja tu ya historia ya hip hop ya Arusha, uone atakavyokutolea macho.

Na nyimbo zipo. Noizmekah, studio ya Defxtro, ilikuwa hapa hapa Arusha na ngoma zilikuwa zinatoka hapo zinasambaa nchi nzima bila kupitia Dar kuomba ruhusa. Nako 2 Nako walikuwa Lord Eyez, G Nako, Ibra da Hustler na Bou Nako, na kama hujawahi kusikia Hawatuwezi inapigwa kwenye hiasi ya Kijenge saa moja asubuhi, sauti mpaka mwisho, konda ananing'inia anajibu mistari, basi mwenzangu una deni. Watengwa wale kina JCB na Chindo walikuwa wanachana vitu ambavyo redio nyingi zilikuwa zinaviogopa, njaa, polisi, mtaa. Hardcore Unit. River Camp, ambako alitoka Joh Makini na mdogo wake Nikki wa Pili. Siwezi kumaliza wote, na nimeshajua kuna ambao watanilaumu nimeruka kundi lao. Andikeni majina, nataka yaandikwe.

Mnajua kwa nini hip hop ilikaza hivi Arusha? Watu wanasema baridi. Baridi gani? Mimi naona ni ile hali ya kuishi nje ya geti. Huu ni mji wa mikutano, una makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapa miaka na miaka, hoteli zinajaa watu wa suti na watu wa kofia za safari. Na mwendo wa mguu tu kutoka Mnara wa Saa kuna kijana wa Unga Ltd, mtaa ambao hata jina umelipata kwa kiwanda cha unga, anaangalia magari yale yanapita. Kaka yake yuko Mirerani, mwanaapolo, ameshuka shimoni kutafuta tanzanite, miaka inapita jiwe halionekani. Mtu wa hivyo ukimpa maiki hawezi kukuimbia mapenzi tu. Ongeza na Namanga hapo, Kenya iko karibu, kanda za Nairobi zilikuwa zinaingia na hiasi, na wakati Kalamashaka wanawasha moto kule Dandora, Arusha walikuwa wanawaelewa neno kwa neno.

Ndio maana nasema ile lafudhi mnayoichekea imebeba mizigo. Ndiyo iliyochana hizo ngoma.

Sasa tuje kwa mtu wa pili, ambaye kwangu ni mbaya kuliko mtangazaji. Mtangazaji anaweza kusingizia hajui. Huyu anajua kila kitu.

Ni promota, yuko hapa hapa mjini, simtaji jina ila akisoma atajijua kwa sababu ana kawaida ya kusoma. Kila sikukuu anashusha mastaa kutoka Dar. Sawa, biashara yake. Kwenye bango anaandika maneno makubwa ya kusifu Chuga, nyumbani kwa hip hop, sijui mji wa magwiji, na amewahi kunipa lile bango nimsambazie. Halafu siku yenyewe ikifika wachanaji wa Arusha wanapanda saa tisa mchana, jua linawaka, watu wenyewe ni wauza maji na wale waliokuja kufunga spika. Shoo ya mwisho niliyoenda, kuna kundi moja la Sombetini lilikuwa katikati ya wimbo wa pili ndipo gari la staa likaingia uwanjani. DJ akakata biti. Maiki ikazimwa. MC akapokea maiki nyingine akaanza kuita watu wakimbie getini wampokee mgeni, na wale machalii watatu wakabaki jukwaani wamesimama wanaangaliana, mmoja bado anaendelea kuchana na hakuna anayemsikia.

Nikawafuata baadaye nyuma ya jukwaa. Walilipwa? Walipewa soda na ahadi ya "kujulikana". Mmoja wao ni fundi pikipiki, alifunga kazi siku nzima kwa ajili ya zile dakika tano.

Kujulikana na nani, boss wangu? Wamezaliwa hapa. Mama zao wanauza Kilombero sokoni. Wanajulikana!

Najua jibu lake kwa sababu alishanijibu: "Dogo, hip hop hailipi, watu wanataka kucheza." Haya, tuliongelee hilo kiutu uzima maana si jibu la kijinga. Kweli mtu aliyelipa kiingilio anataka kuruka, anataka amapiano, anataka singeli, na promota amekopa hela ya jukwaa, anaogopa. Namuelewa. Lakini unajuaje hailipi kama hujawahi kuiuza? Umeiweka saa tisa mchana miaka yote halafu unasema haivuti nyomi. Ukimpandisha staa wako wa Dar saa tisa mchana na maiki mbovu, naye atavuta nani? Na Weusi je? Joh Makini, G Nako, Nikki wa Pili, Lord Eyez, wote wametoka hapa, Gere ilipotoka nchi nzima iliimba, 2015 Joh Makini akafanya kolabo na AKA wa Afrika Kusini. Wale hawakuwa wanauza taarabu. Nikki wa Pili 2021 ameteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe, mtu wa mistari. Dogo Janja alitoka Ngarenaro akiwa mtoto kabisa, akaenda Dar, Bongo nzima ikamjua. Inalipa ikishafika Dar, ikiwa bado Chuga hailipi? Mbona maajabu hayo.

Na ubaya wa hii tabia hauonekani siku ya shoo. Unaonekana miaka mitano baadaye. Dogo mwenye kipaji anaangalia anajumlisha, anaona Arusha atakufa na soda, anapanda basi. Akifika Dar anaambiwa apunguze u-Chuga ili aeleweke. Anapunguza. Akirudi nyumbani kama staa analala hotelini, anapanda saa sita usiku, anapiga kelele "Chugaaa mpooo", anaondoka na ndege ya asubuhi KIA. Kuna mmoja, na huyu simtaji kwa sababu nampenda, mara tatu amekuja hajafika hata mtaani kwao kusalimia. Wale waliokuwa wanamshikia foleni studio wakati hana hata nauli wanamuona kwenye simu kama nyie mnavyomuona.

Nisiwasahau wakongwe waliobaki hapa, maana nao wananikera na lazima niseme. Kuna kaka mmoja, heshima yake iko palepale, alikuwepo kwenye enzi ile ya dhahabu, ana boksi zima la CD chini ya kitanda. Nyimbo ambazo huwezi kuzipata popote, nyingine hazijawahi kutoka. Nilimfuata nikamuomba, kaka shikamoo, niruhusu nizihamishe kwenye kompyuta, nakurudishia zote na nakuachia nakala. Akakataa. "Hiyo ni mali, dogo." Ni mali kweli, lakini CD zina ukungu, mbili alizonionyesha zimeanza kubanduka kama ngozi. Kompyuta ya prodyuza aliyezirekodi ilishakufa siku nyingi. Siku boksi hilo likiloa mvua hakuna wa kumlilia. Na kwenye mtandao huko hali ni ile ile, unakuta ngoma kali ya Arusha imepandishwa na mtu asiyejulikana, jina la msanii limekosewa, mwaka umekosewa, prodyuza hayupo, imerekodiwa kutoka redioni na tangazo la sabuni limeingia katikati.

Kwa nini nina haraka? Kwa sababu AFCON ya 2027 Tanzania, Kenya na Uganda wanaandaa pamoja, na Arusha imo, uwanja uko kule Olmoti. Watakuja watu kutoka Senegal, Nigeria, Morocco, na nchi kama Senegal mnajua wanavyoiheshimu rap yao. Watauliza, mji huu muziki wake ni upi? Mtawapa nini? Mtawapigia wimbo wa Dar na kumuita mchekeshaji aigize lafudhi? Naona kabisa vikao vya maandalizi ya burudani vitakavyokuwa, na naona kabisa yule promota wangu amekaa kiti cha mbele.

Mimi sina cheo, nina simu na hiki kiukurasa. Ila nimeanza. Kila Jumapili nitaweka hapa msanii mmoja wa Arusha wa zamani, jina lake, kundi lake, mtaa, studio aliyorekodia, na nitamtafuta mwenyewe au ndugu zake kabla sijaandika ili tusidanganyane. Mwenye CD, kanda, bango la shoo ya zamani, picha ya Via Via au ya Sheikh Amri Abeid enzi hizo, niandikie. Nakuja mwenyewe kuichukua na kuirudisha.

Kaka mwenye boksi, nitarudi tena Jumamosi, nitakuja na kompyuta ya kuazima, tutahamishia hapo hapo sebuleni kwako ukiwa umekaa pembeni unaangalia.

Na wewe promota, Desemba inakuja. Lile kundi la Sombetini bado lipo, wanafanya mazoezi nyuma ya gereji kila jioni. Saa tano usiku, maiki nzima, na hela mkononi kabla hawajapanda. Namba zao unazo.